Mshindi Anabaki

Katika banda la gemu la mjomba wangu, kitu kilichowafanya wavulana wa Ngamiani wasahau chakula cha mchana hakikuwa gemu ya mpira. Mpira ulikuwa na wenyewe, vijana wakubwa waliokuja jioni wakitoka kazini, wakachagua timu zao, wakalipa, wakacheza kwa utulivu. Fujo ya mchana, zile kelele zilizowafanya majirani wachungulie madirishani, ilitoka kwenye televisheni ya pembeni iliyowekewa gemu ya ngumi iitwayo Tekken 3. Watoto wawili wanapigana. Baada ya dakika chache mmoja anaanguka, anaachia pedi, anarudi mkiani mwa foleni. Mshindi anabaki. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo ukutani, wala hakuna aliyethubutu kuivunja.

Wazazi wenzangu huniuliza kuna nini ndani ya hizi gemu nyepesi za kuchezwa na kundi, hata mtoto, baba yake na mgeni aliyepita kusalimia wakaganda wote mbele ya kioo kimoja. Hazina hadithi ya maana. Picha zake ni za katuni. Mtu anajifunza kuzicheza kabla chai haijapoa. Basi kwa nini mtu mwenye akili zake akeshe nazo? Nimelitazama jambo hili kwa karibu tangu nikiwa msichana wa shule, nikikusanya sarafu za wateja kwenye kopo la maziwa ya unga, na nina jibu langu. Kinachomshika mtu ni nafasi ya kweli ya kushinda, inayokuja haraka, mbele ya watu wanaomjua. Hao watu ndio wanaosahaulika kila tunapojadili gemu, na mimi naamini wao ndio kiini cha habari yote.

Banda lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida, kwenye moja ya zile barabara za namba za Ngamiani, Tanga. Lilikuwa na televisheni za chogo juu ya meza zilizogongwa na fundi wa jirani, na PlayStation za kijivu ambazo nyingine zilipinduliwa juu chini, maana zilishazeeka na bila kupinduliwa hazikusoma CD. CD zenyewe zilikuwa za kuchoma, zimeandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito. Pedi zilikuwa zimefutika alama kwenye vitufe. Mbele ya kila televisheni palikuwa na viti viwili vya wachezaji, na nyuma yake benchi refu la wanaosubiri. Mjomba alikuwa na masharti. Mtoto mwenye sare ya shule haingii. Hapachezwi kwa dau, hata la soda. Na adhana ya Magharibi ikisikika, watoto wote nje, awe anashinda awe anashindwa.

Mimi niliwekwa pale wakati wa likizo kwa sababu mjomba hakumwamini mvulana yeyote na kopo la fedha. Wasichana hawakuwa wakiingia bandani. Nilikaa mlangoni na daftari langu, nikiandika nani amelipa, na kwa muda mrefu sikuiona skrini vizuri. Nilichokiona ni nyuso. Nadhani hiyo ilikuwa bahati. Mtu akitaka kuzielewa gemu kama hizi aitazame kwanza migongo na nyuso za wachezaji, akae hapo kwa muda, ndipo ageukie kioo.

Siku moja ya mvua wateja wakawa wachache, na mjomba akaniambia nishike pedi. Mpinzani niliyekabidhiwa ni kijana aliyekuwa mfalme wa ile pembe, ambaye wenzake walikuwa wakimpisha hata kabla hajafika. Dogo mmoja aliyeketi benchini akaninong'oneza, "Dada, mchague Eddy. Halafu bonyeza iksi na duara, usiache." Nikamchagua. Nikabonyeza. Yule mtu wangu akajipindua, akasimama kwa mikono, akazungusha miguu hewani, nami sikujua hata moja kati ya hayo linatokeaje. Mfalme akaanguka. Benchi zima likaruka. Nakumbuka mikono ilivyokuwa ikinitetemeka, na nakumbuka jinsi mfalme alivyogeuka kunitazama, kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyepo. Pambano lililofuata alinichapa vibaya sana. Lakini nilishanaswa, na kesho yake nilikuja mapema.

Eddy Gordo ni Mbrazili anayepigana kwa capoeira, ule mtindo wa mateke na ngoma uliokuzwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil. Namco walimwingiza katika Tekken 3, gemu iliyotoka kwenye mashine za kumbi mwaka 1997 na kuingia PlayStation mwaka 1998. Katika gemu hiyo vitufe viwili ni vya ngumi na viwili ni vya mateke. Kwa wapiganaji wengi lazima ujue mpangilio, ubonyeze hiki kisha kile kwa wakati wake, la sivyo mtu wako anapiga hewa. Eddy ni tofauti: mateke yake huungana yenyewe hata kwa mtu anayebonyeza ovyo. Mabingwa wa Tekken duniani kote walimlalamikia, na wa Ngamiani pia. "Eddy wa kubahatisha," walisema. Walikuwa sahihi, na bado kama si Eddy lile benchi lingekuwa tupu. Mabingwa hawajazi banda. Wanaojaza banda ni wale wasiojua, waliowahi kuonja ushindi mmoja.

Hapo ndipo nikaanza kuelewa jambo ambalo wazee wetu walikuwa wakiliishi barazani miaka mingi kabla ya umeme. Bao la Kiswahili halina bahati hata chembe. Kete zote ziko wazi mbele ya wote, na fundi wa bao atamla mgeni leo, kesho na mwakani. Ndiyo maana bao lina heshima kubwa na wachezaji wachache, watu wazima wenye subira, na anayejifunza anakaa kando kwa muda mrefu akitazama. Dhumna ni kitu kingine. Vipande vinachanganywa vikiwa vimelala kifudifudi, kila mtu anaokota asichokiona, na mjinga anaweza kuokota mkono utakaomlaza fundi. Ukipita penye dhumna, Zanzibar au Mombasa, utasikia meza inavyopigwa na watu wanavyozodoana. Karata ni hivyohivyo. Pale bahati inapokaa pamoja na ujuzi, ndipo kijana na mzee, fundi na mgeni, wanapoweza kuketi meza moja na kila mmoja akaamini kuwa raundi hii ni yake.

Watengenezaji wa gemu wanalijua hilo na wamelifanyia kazi kwa makusudi. Niliona mfano wake mzuri Muscat, nyumbani kwa binamu yangu, kwenye ile jamii ya watu wetu ambao nyumbani huchanganya Kiarabu na Kiswahili katika sentensi moja. Watoto wake walikuwa na Nintendo Switch na gemu ya mbio za magari, Mario Kart 8 Deluxe, iliyotoka 2017. Magari kumi na mbili hushindana, na njiani kuna masanduku ya silaha. Nilipotulia nikatazama, niligundua kuwa masanduku hayo hayagawi sawa. Anayeongoza hupewa vitu hafifu, ganda la ndizi au sarafu. Anayeburuza mkia hupewa vitu vikubwa: nyota inayomfanya asidhurike, au risasi inayombeba na kumpitisha kwenye kundi zima. Na kuna lile kombe la buluu, yaani gamba la kobe, lililoanza kwenye Mario Kart 64 mwaka 1996, ambalo likirushwa na mtu wa nyuma humtafuta aliye wa kwanza, yeye hasa, likamlipukia.

Bibi wa nyumba ile, mama mkwe wa binamu yangu, hajawahi kushika usukani wa gari maishani mwake. Wajukuu walimwekea msaada uliomo ndani ya gemu yenyewe, unaolizuia gari lisitoke barabarani na kulifanya liende bila mtu kukanyaga mafuta. Akabakiwa na kazi ya kupinda kidogo na kurusha silaha. Siku hiyo alirusha kombe la buluu mita chache kabla ya mstari wa mwisho, na mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa akiongoza tangu mwanzo, akapitwa na magari matatu. Hata bibi mwenyewe hakushinda. Alimaliza wa tano. Lakini alikuwa ameiamua mbio, na kila mtu sebuleni alijua. Yule kijana alilalamika mpaka chakula cha usiku, na kabla sahani hazijaondolewa alikuwa ameshaomba marudiano.

Marudiano ndiyo roho ya jambo hili. Mtu akishindwa kwa haki kabisa, kwa tofauti kubwa, na mtu anayemzidi kwa kila kitu, huinuka akaenda zake. Anayeng'ang'ania ni yule aliyeshindwa kwa kidogo, na mwenye sababu ya kusema: pedi iliteleza, kombe lilinikuta mlangoni, wewe umebahatisha. Gemu za kundi zimejaa sababu za namna hiyo. Kila kushindwa kunaelezeka, na kila maelezo yanaisha kwa neno "tena." Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti kuhusu watu wanaokosa kidogo tu kwenye mchezo wa mfano wa mashine ya kamari. Kukosa kidogo hakukuwafurahisha. Kuliwaudhi zaidi ya kukosa kwa mbali. Hata hivyo, pale walipokuwa wamejichagulia wenyewe alama ya kuchezea, kuliwaongezea hamu ya kucheza tena. Nilipousoma nilimkumbuka mfalme wa Tekken akiwa amesimama, pedi bado mkononi, akimsihi aliyemshinda arudie.

Sayansi nyingine inayotajwa sana katika mazungumzo haya ni ya kubahatika. B. F. Skinner wa Marekani, pamoja na Charles Ferster, walichapisha mwaka 1957 kitabu kikubwa juu ya jinsi wanyama wanavyozawadiwa. Njiwa anayepewa punje baada ya idadi ya midono isiyotabirika hudonoa kwa kasi na kwa kung'ang'ania, na punje zikikatwa huchelewa kuacha. Baadaye Wolfram Schultz alipima chembe za ubongo wa nyani zinazohusika na dopamine, akaona zinachangamka zaidi kwa zawadi isiyotarajiwa kuliko ile ambayo mnyama ameshaizoea. Na mwaka 1998 M. J. Koepp na wenzake, waliofanya kazi London, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyowalaza wanaume wanane kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakiwa wanacheza gemu ya kuendesha kifaru. Dopamine ilipanda, na ilipanda zaidi kwa waliocheza vizuri.

Nayakubali yote hayo. Lakini wale wanaume wanane kila mmoja alilala peke yake ndani ya mashine. Hapakuwa na benchi nyuma yao. Na mimi niliyekaa mlangoni naweza kusema kwamba benchi lilikuwa nusu ya gemu, labda zaidi ya nusu. Kulikuwa na watoto wasio na hata senti waliokuja kila siku, wakakaa hapo asubuhi mpaka Magharibi bila kugusa pedi, wakaondoka wameridhika. Walikuwa wanashangilia, wanashauri, wanapinga, wanatunga majina. Mshindi aliposhinda alikuwa ameshinda mbele yao. Aliyeshindwa alikuwa na kazi ya kurudi kesho kulisafisha jina lake. Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya mvuto wa gemu, wakautafuta kwenye mahitaji matatu ya binadamu: kujiamulia, kujiona unaweza, na kuwa karibu na wenzako. Wataalamu huyapa yote matatu uzito. Bandani, hilo la tatu ndilo lililokuwa likilipa kodi ya pango.

Mwaka 2020 nililiona tena hilo la tatu, safari hii bila banda na bila benchi la mbao. Janga la korona lilikuwa limetutenganisha. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, binamu na watoto wake Muscat, wengine Tanga, na shangazi yetu, mwalimu mstaafu, Nairobi, ambako serikali ilikuwa imeweka kafyu ya usiku. Mpwa wangu mmoja akatuletea Among Us. Gemu hiyo ilikuwa imetoka tangu 2018, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Innersloth, iliyokuwa wakati huo na watu watatu tu, na kwa miaka miwili dunia ilikuwa haijaishughulikia. Katikati ya janga ikalipuka. Ikapendwa kiasi kwamba kampuni ilitangaza toleo la pili mwezi Agosti 2020 na mwezi uliofuata ikaliahirisha jumla, ili nguvu zote ziende kwenye lile la kwanza. Oktoba mwaka huohuo mbunge wa Marekani Alexandria Ocasio-Cortez aliicheza hadharani mtandaoni kuhamasisha watu wapige kura, na zaidi ya watu 400,000 wakawa wanamtazama kwa wakati mmoja.

Kuielewa hakuchukui muda. Mko ndani ya chombo cha angani, mnafanya kazi za kitoto: kuunganisha nyaya, kutupa taka, kupitisha kadi. Mmoja, wawili au hata watatu wenu ni wasaliti, na wao wanaua kimyakimya. Maiti ikionekana mnaitana mkutano, mnahojiana, mnapiga kura, na atakayepata kura nyingi anatupwa nje. Chanzo chake ni mchezo wa Mafia, uliobuniwa na Dimitry Davidoff huko Moscow mwaka 1986, ambao hauhitaji umeme wala kioo, unahitaji watu na maneno tu. Wakati ule Among Us haikuwa na mazungumzo ya sauti ndani yake, kwa hiyo tulipigiana simu ya kundi ya WhatsApp, ambayo ilikuwa inabeba watu wanane. Basi familia yetu ikawa ya watu wanane kila usiku, na wengine wakisubiri mtu atoke waingie.

Shangazi ndiye aliyetumaliza. Kwa sauti ileile aliyotufundishia kusoma, alikuwa akiua na kisha kuuliza, "Mmeshakula nyie?" Mpwa akijikaza kumhoji, "Shikamoo shangazi, samahani, ulikuwa wapi wakati ule?" naye hujibu bila haraka, "Marahaba. Nilikuwa chumba cha umeme mwanangu, nyaya zangu hazijaisha." Nani ampigie kura mwanamke aliyetulea? Tulimtupa nje mtoto wa watu asiye na hatia, na baadaye tukacheka mpaka mtandao ukakatika. Hapo gemu ilikuwa inachezwa na historia yetu nzima: nani hajui kusema uongo, nani anapandisha sauti akibanwa, nani anamtetea mdogo wake hata pasipo na haki. Kioo kilikuwa kinatupa kisingizio cha kujuana upya. Na waliotengeneza walifanya jambo moja la busara sana: aliyeuawa haondolewi. Anakuwa mzimu, anaendelea na kazi zake, anaona kila kitu, anasubiri raundi ijayo akiwa na la kusema. Amehamishiwa benchini, basi.

Usiku ambao ndugu hawakupatikana nilijaribu kucheza na watu nisiowajua. Gemu ni ileile, rangi zilezile, chombo kilekile. Watu walikuwa wakitoka mara tu wakiona hawakupangiwa usaliti, kura zilipigwa bila mtu kuongea, na raundi mpya ilianza papo hapo. Sikufurahi, na bado sikuacha. Nilibonyeza tena, na tena, mpaka usiku wa manane. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kuwa hamu na raha zinaweza kuachana njia. Pamoja na shangazi nilikuwa na raha, na mchezo uliisha pale shangazi aliposema, "Mimi nalala, usiku mwema." Pamoja na wageni raha iliondoka, ikabaki hamu tupu, na hapakuwa na mtu wa kusema nalala.

Kwa sababu hii siogopi gemu za kundi kama wazazi wengi wanavyoziogopa, na naogopa kitu kingine ambacho wengi hawakioni. Katika mitaa yetu ya Tanzania zimezagaa mashine za kamari za sarafu ziitwazo dubwi, nje ya maduka na kwenye vibanda vya vinywaji, taa zikimetameta mchana kweupe. Kijana anaingiza sarafu, anabonyeza, anakosa kidogo, anaingiza nyingine. Bahati ipo, haraka ipo, kukosa kidogo kupo. Mashine hizo zimechukua yote yaliyokuwa kwenye banda la mjomba isipokuwa watu. Hakuna anayemshangilia, hakuna anayemsubiri, na mashine haioni aibu kumla. Nimewaona waliokaa mbele ya dubwi wakiwa na nyuso ambazo sikuwahi kuziona bandani hata kwa mtoto aliyechapwa mfululizo.

Na baadhi ya gemu za simu zimeanza kujengwa kwa mfano huo. Zinauza masanduku ambayo mnunuzi hajui kilichomo, zinampa mtoto zawadi ya kuingia kila siku na kumtisha kuwa asipoingia atapoteza, zinampangia wapinzani asiowajua wala hatawajua. Mwaka 2018 tume ya michezo ya bahati nasibu ya Ubelgiji ilitamka kuwa masanduku hayo ni kamari. China mwaka 2021 iliwawekea watoto ukomo wa saa tatu kwa wiki za kucheza gemu za mtandaoni, saa moja kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa gemu katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini shirika hilo halimwiti mgonjwa kila anayependa kucheza. Linataka kuona mtu aliyeshindwa kujizuia, anayeiweka gemu mbele ya mambo mengine yote, anayeendelea ingawa anaumia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Mtoto aliyelia kwa sababu umezima televisheni katikati ya mbio hayumo katika maelezo hayo. Amekatishwa jambo lililompendeza, na mtu mzima angenuna vilevile.

Nimemfikiria sana mjomba katika haya. Hakusoma saikolojia, lakini masharti yake yalikuwa yamegusa kila mahali panapouma. Alipokataza dau, aliitenga gemu na kamari. Aliposimamia foleni, alimlazimisha hata bingwa anayeshindwa ainuke, anyooshe miguu, awe mtazamaji. Na alipouweka mwisho wa siku kwenye adhana, aliuondoa mikononi mwa mtoto na mikononi mwake mwenyewe pia, kwani fedha zilikuwa bado zinaingia na yeye alifunga. Wateja wengine walimwita mshamba. Sisi tuliokaa pale tulikua, tukaacha, tukaenda mashuleni na makazini, na hadi leo tukikutana tunataniana kwa majina ya wapiganaji.

Nyumbani kwangu kuna kifaa kimoja cha gemu, kiko sebuleni, kimeunganishwa na televisheni ambayo wote tunaiona. Pedi ziko nne. Aliyeshindwa anampisha mwenzake hata kama mwenzake ni mgeni wa dakika kumi. Kwenye simu za watoto sikuruhusu gemu yoyote inayouza masanduku, na hilo halina mjadala. Gemu ikianza kuwafanya wasioneane huruma, naizima na kuwaambia kwa nini. Wanalalamika, wanazoea.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu unayeniuliza, nakuomba jambo moja kabla hujamnyang'anya mtoto kifaa chake. Kaa karibu naye uulize anacheza na nani. Akikutajia majina, kaka zake, jirani, binamu aliye mbali, mwombe pedi ya pili ucheze naye, na mkubaliane mapema nani atasema basi na saa ngapi. Akikosa jina la kukutajia, hapo ndipo kazi yako ya malezi ilipo, na ianze leo jioni.